Shajara ya mradi: kupima jinsi neutrofili zinavyoua fangasi

Lengo na mipaka

Mradi huu unapima jambo moja: neutrofili, zile seli nyeupe zinazotangulia kufika penye maambukizi, zinatumia silaha gani zikikutana na fangasi, na silaha hiyo inategemea nini. Jibu linalojitokeza hatua baada ya hatua ni kwamba hali ya fangasi ndiyo inayoamua: ukuta wake umefunikwa na nini, iko katika umbo la duara au la uzi, imepakwa protini za damu au haijapakwa. Ndiyo maana kurasa nyingi humu zinahusu maandalizi. Asilimia ya kuua isiyoambatana na maelezo ya maandalizi haina maana yoyote.

Kazi yote inafanyika ndani ya kabati la usalama wa kibaiolojia la daraja la 2. Damu inatoka kwa watu wazima wenye afya walioridhia kwa maandishi, kwa kibali cha kamati ya maadili. Maingizo yamepangwa kwa hatua, si kwa tarehe; hatua iliyoandikwa "imefungwa" imekamilika.

Fangasi zilizochaguliwa. Hali: imefungwa

Tumechagua mbili: Candida albicans ya ukoo wa SC5314, ambao maabara nyingi huutumia kama rejea, na Aspergillus fumigatus. Zote mbili ziko kwenye kundi la juu kabisa la orodha ya fangasi hatari iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022, pamoja na Cryptococcus neoformans na Candida auris. Lakini orodha siyo iliyoamua. Wagonjwa ndio walioamua.

Mtu ambaye neutrofili zake zimeshuka chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu, tuseme baada ya dawa kali za saratani, yumo hatarini kupata Aspergillus ya mapafu na Candida iliyosambaa kwenye damu, ini na figo. Mwenye VVU ambaye seli zake za kinga za CD4 zimeporomoka hupata utando mweupe mdomoni na kwenye umio, ila Candida ileile ni nadra kumwingia kwenye damu kama neutrofili zake ziko sawa. Na mtoto aliyezaliwa bila kimeng'enya cha NADPH oksidesi (kinachotengeneza oksijeni kali ya kuulia vijidudu) kinachofanya kazi huandamwa zaidi na Aspergillus kuliko Candida. Ukiziweka hali hizi tatu kando kwa kando, huwezi tena kusema "kinga dhidi ya fangasi" kana kwamba ni kitu kimoja. Mradi umejengwa juu ya tofauti hizo.

Ulinzi mmoja haupimwi humu, nao ni joto la mwili. Uchambuzi wa Robert na Casadevall wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya 30°C na 40°C, kila digrii inayoongezeka huondoa takriban asilimia 6 ya koo za fangasi zinazoweza kuota. Fangasi nyingi sana za udongoni na za mimea hukwama hapo, kabla seli nyeupe hazijahusishwa. Hizi mbili tulizozichagua zinaota vizuri kwenye 37°C, na ndiyo maana ni tatizo.

Kuotesha Candida. Hali: imefungwa

Chakula ni YPD: gramu 10 za dondoo ya hamira, gramu 20 za peptoni na maji hadi mililita 950, chemsha kwenye otoklevu kwa 121°C dakika 15, kisha ongeza mililita 50 za glukosi ya asilimia 40 iliyotakaswa peke yake. Glukosi ikichemshwa pamoja na peptoni, chakula hugeuka kahawia na kila chupa huotesha kwa kasi yake.

Chukua koloni moja, weka kwenye mililita 10 za YPD ndani ya chupa ya mililita 50 au zaidi (hewa ni lazima), tikisa usiku kucha kwa 30°C na mizunguko 200 kwa dakika. Asubuhi hamishia kidogo kwenye YPD mpya na uache saa 3 hadi 4. Hatua hii ya pili watu wengi huiruka. Seli zilizolala usiku kucha zimefika ukomo wa kukua na ukuta wake umebadilika. Ukilinganisha seli za asubuhi na zile za mchana unalinganisha vitu viwili tofauti.

Osha mara tatu kwa PBS (bafa ya chumvi) baridi, ukizungusha kwenye sentrifugi kwa 3000 × g (mara 3000 ya mvutano wa dunia) dakika 5 kila mara. Hesabu kwa hemositomita (kioo chenye miraba ya kuhesabia seli): idadi iliyomo kwenye mraba mkubwa mmoja, mara 10,000, mara kiwango cha kuzimua, ndiyo idadi kwa mililita. Chipukizi lililobaki limeshikamana na mama huhesabiwa kama seli moja, kwa sababu litatoa koloni moja. Usitegemee mashine ya kupima ukungu wa mmumunyo peke yake. Seli zikiwa zimegandana inasoma pungufu.

Baada ya kuosha, chupa inakaa kwenye barafu. Candida ikipata 37°C na seramu huanza kuchomoza mirija kati ya dakika 60 na 90, na hapo jaribio la duara linakuwa jaribio la uzi bila mtu kujua. Tone moja chini ya hadubini kabla ya kila jaribio ni kanuni isiyo na msamaha.

Kuvuna konidia (mbegu) za Aspergillus. Hali: imefungwa

Otesha kwenye agari ya Sabouraud kwa 37°C siku 5 hadi 7 mpaka uso uwe wa kijani cha majivu. Mimina PBS yenye Tween 20 (sabuni laini) ya asilimia 0.05, pangusa taratibu kwa kijiti cha plastiki, chuja kwa chujio la mikromita 40 ili vipande vya nyuzi vibaki juu. Bila Tween konidia huelea na kung'ang'ania plastiki, kwa kuwa zimevikwa protini ya RodA isiyopenda maji.

RodA inastahili aya yake. Konidia zina upana wa mikromita 2 hadi 3, kwa hiyo zinapita njia zote za hewa hadi kwenye vifuko vya mapafu, na kila mtu huvuta mamia yake kwa siku. Kama kila moja ingeamsha uvimbe, mapafu yasingebaki. Koti la RodA linaficha beta-glukani na manani, sukari za ukutani zilizo chini yake, na konidia iliyolala hupita karibu kimyakimya mpaka makrofaji (seli walaji) za mapafu ziisafishe. Ikipata unyevu na 37°C kwa saa 4 hadi 6 huvimba, koti linapasuka, glukani inajitokeza, na kinga inaitikia kwa nguvu zote. Kwa hiyo kila sahani ya Aspergillus katika mradi huu ina vikundi vitatu: iliyolala, iliyovimba, na iliyokwisha kutoa nyuzi.

Kutenga neutrofili. Hali: inafanya kazi, inadai uangalifu

Mililita 20 za damu kwenye mirija yenye heparini. Changanya na kiasi sawa cha dekstrani ya asilimia 3 iliyoyeyushwa kwenye chumvi ya asilimia 0.9, geuza mara kadhaa, simamisha dakika 20 hadi 30 kwenye joto la chumba. Seli nyekundu hujikusanya na kuzama. Sehemu ya juu yenye rangi ya majani makavu ndiyo yenye seli nyeupe. Itue 250 × g dakika 10, irudishe kwenye chumvi, kisha itandaze polepole juu ya mililita 10 za Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli) yenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita. Zungusha 400 × g dakika 40, bila breki. Breki ikiwashwa tabaka huvurugika na limfosaiti hurudi chini.

Limfosaiti na monosaiti hubaki kwenye mstari mweupe wa katikati. Usizitupe, zinahitajika hatua ya saitokini. Neutrofili ziko chini kabisa, zimechanganyika na seli nyekundu zilizosalia. Zipasue hizo nyekundu: mililita 20 za chumvi baridi ya asilimia 0.2, hesabu sekunde 30 kamili, mara moja mililita 20 za chumvi ya asilimia 1.6. Ikizidi sekunde 30 neutrofili nazo huanza kupasuka, zinamwaga DNA, na mrija mzima unakuwa uteute unaovutika. Uteute huo ukitokea, sampuli hiyo haifai tena. Kuichuja hakusaidii, kwa sababu seli zilizobaki zimeshaamshwa na yaliyomwagika.

Maliza kwa bafa ya Hanks isiyo na kalsiamu wala magnesi. Madini hayo yanarudishwa wakati wa jaribio tu, maana yakiwepo mapema neutrofili hushikamana zenyewe kwa zenyewe. Mambo mengine yanayoziamsha kabla ya wakati: kutikisa kwa mashine ya votesi, mirija ya glasi, na endotoksini ya bakteria kwenye maji au bafa. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa haionekani. Neutrofili iliyoguswa na endotoksini huwa nusu macho, na ikiwekewa fangasi hutoa matokeo mazuri yasiyorudiwa na mtu mwingine.

Vipimo vya kupita: uzima zaidi ya asilimia 95 kwa tripani ya buluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu), na usafi zaidi ya asilimia 95 kwa smia iliyotiwa Giemsa. Seli hizi hazihifadhiki. Zinatumika ndani ya saa chache, siku hiyohiyo. Anayepanga ratiba aanze na fangasi, kisha damu, asifanye kinyume.

Seramu. Hali: imefungwa

Seramu hutoka kwenye mirija mitupu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. EDTA hunyonya kalsiamu na magnesi, na bila hizo mfumo wa komplimenti (protini za damu zinazoandama vijidudu) haufanyi kazi. Acha damu igande dakika 30, zungusha, changanya ya watu kadhaa, gawa kwenye vimirija vidogo na ugandishe kwa -80°C. Kila kimirija hutumika mara moja; kugandisha upya kunaua komplimenti.

Kupaka fangasi: seramu ya asilimia 10, dakika 30 kwa 37°C, kisha kuosha. Sambamba na hiyo kuna kundi la seramu iliyopashwa 56°C kwa dakika 30, ambayo komplimenti yake imekufa lakini kingamwili zake bado zipo, na kundi lisilopakwa chochote.

Kwa baadhi ya bakteria komplimenti inaweza kuua peke yake kwa kutoboa utando. Kwa fangasi haiwezi. Ukuta ni mnene mno na mchomo haufiki kwenye utando wa ndani. Faida yake hapa ni kuweka alama: C3b, kipande cha komplimenti, inanasa ukutani, inakatwa kuwa iC3b, na neutrofili inaishika alama hiyo kwa kipokezi cha CR3. Kingamwili nazo hushikwa na vipokezi vya Fc. Kila kipokezi kinafungua njia yake ndani ya seli, jambo ambalo ni kiini cha mradi wote.

Jaribio la kuua. Hali: linaendelea

Sahani ya vishimo 96. Neutrofili 200,000 na Candida 10,000 kwa kishimo, yaani 20 kwa 1, katika mikrolita 200 za RPMI (chakula cha seli). Zungusha sahani kidogo, 100 × g dakika 1, ili zikutane. Saa moja kwenye inkubeta ya 37°C yenye kaboni dioksidi asilimia 5. Kundi linganishi ni fangasi pekee katika mmumunyo uleule, sahani ileile, muda uleule.

Baada ya saa moja sahani inakwenda kwenye barafu. Ongeza Triton X-100 (sabuni inayopasua neutrofili) hadi ifike asilimia 0.1, nyonya na utoe kwa pipeti mara 20 ukikwangua chini kwa ncha. Ukuta wa Candida unavumilia Triton kwa muda mfupi. Thibitisha hilo kwa kuwapa fangasi pekee Triton ileile. Kamilisha hadi mililita 1, zimua mara 10, panda mikrolita 100. Kama hakuna kilichokufa, hesabu inatoa karibu makoloni 100 kwa sahani, ambayo ni idadi ya kusomeka. Panda pia isiyozimuliwa, kwa ajili ya vishimo vilivyoua sana. Makoloni yanahesabiwa baada ya saa 24 hadi 48 kwa 30°C.

Asilimia ya kuua ni moja toa uwiano wa makoloni yenye neutrofili kwa yale ya fangasi pekee, mara mia. Hesabu ni rahisi kiasi cha kupumbaza. Kuna njia tatu za kupata asilimia kubwa bila seli hata moja kufa.

Ya kwanza ni kugandana. Neutrofili hukusanya fangasi. Kumi zikibaki zimeshikana, zinatoa koloni moja, na karatasi inasoma kuwa tisa zimekufa. Ndiyo sababu ya kunyonya na kutoa mara 20, na ndiyo sababu tone la kila kikundi hutazamwa chini ya hadubini kabla ya kupandwa. Ya pili ni mirija: Candida iliyochomoza uzi ndani ya kishimo inang'ang'ania plastiki na haitoki. Ya tatu ni Triton iliyopungua nguvu au kusahaulika, fangasi hai zikabaki tumboni mwa neutrofili nzima. Nyuma ya zote tatu kuna swali la nini kimemezwa na nini kimebaki nje, na hilo lina kipimo chake.

Paka Candida rangi ya FITC kabla ya jaribio, kisha mwishoni weka kalkofluo nyeupe mikrogramu 10 kwa mililita kwa dakika chache kabla ya kupasua seli. Kalkofluo inashika kitini ya ukutani lakini haipenyi utando wa neutrofili iliyo hai. Kwa hiyo iliyo nje inawaka buluu na kijani, iliyo ndani kijani tupu. Ukitazama kwa lenzi ya mara 100 utaona mara nyingi fangasi iliyomezwa nusu: ncha ya kijani ndani, mkia wa buluu nje. Hiyo hatuihesabu kuwa imemezwa.

Mwelekeo unaoonekana: iliyopakwa seramu mbichi inamezwa haraka na kuuawa zaidi, iliyopakwa seramu iliyopashwa inafuata, isiyopakwa inabaki nyuma lakini haifiki sifuri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayovutia. Kazi iliyochapishwa mwaka 2014 ilionyesha kwamba neutrofili zina njia mbili za kuua Candida: iliyopakwa huuawa kupitia vipokezi vya Fc, protini ya ishara PKC na NADPH oksidesi, isiyopakwa huuawa kupitia CR3 na protini ya ishara CARD9, bila kuhitaji oksijeni kali. Hatua inayofuata imewekwa ili kuona njia hizo mbili kwenye sahani moja.

Oksijeni kali. Hali: inaendelea, kontroli moja inasubiri

Neutrofili ikimeza, NADPH oksidesi hupachika elektroni kwenye oksijeni na kutengeneza superoksidi. Superoksidi hugeuka kuwa peroksidi ya haidrojeni, na kimeng'enya cha myeloperoksidesi huichanganya na kloridi kupata asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo nguvu ya dawa za kung'arisha nguo.

Kipimo: dihaidrorodamini 123 kwenye mikromola 5, dakika 10 kwa 37°C, kisha kichocheo. Rangi ikioksidishwa inawaka kijani na husomwa kwa saitomita. Kontroli ya juu ni PMA, kemikali ya kuamsha seli, nanomola 100. Mtego uko hapa: PMA hurukia PKC moja kwa moja bila kugusa vipokezi. Inaeleza kwamba mtambo upo na unawaka. Haielezi kama seli inaiona fangasi. Mtu mwenye kasoro ya CARD9 anaweza kuitikia PMA sawasawa na bado asiue Candida isiyopakwa.

Mtego mwingine ni kwamba rangi hii inategemea myeloperoksidesi. Mtu asiye na kimeng'enya hicho, na wengi wao hawaugui chochote, anaweza kusoma kama mgonjwa wa NADPH oksidesi. Sampuli ikisoma chini bila maelezo, rudia kwa kipimo cha saitokromu c kwenye nanomita 550, kinachoona superoksidi yenyewe.

Kuzima mtambo tunatumia DPI mikromola 10, dakika 30 kabla. DPI inakamata vimeng'enya vyote vyenye flavini, pamoja na vya mitokondria na vya fangasi wenyewe. Kontroli ya fangasi na DPI bila neutrofili ndiyo inayosubiri. Mpaka iingie, takwimu za DPI hazitolewi nje ya shajara.

Nyuzi. Hali: njia imekubalika, takwimu bado

Uzi wa Aspergillus au wa Candida unaweza kuwa mrefu mara nyingi kuliko neutrofili yenyewe, ambayo ina upana wa mikromita 12 hadi 15. Haumezeki. Neutrofili hujitandaza juu yake, huumiminia sumu zake kutoka nje, na baadhi hufa kwa kutupa wavu wa DNA yake uliojaa protini. Kipokezi cha Dectin-1 ndicho kinachosaidia kuamua: kikishika duara linalomezeka, kumeza kunazuia wavu kutupwa, kikishika kitu kisichoingia, kizuizi hicho hakipo.

Makoloni hayafai tena, kwa kuwa uzi mmoja wenye seli kumi ni koloni moja. Tunatumia XTT, kemikali ambayo seli hai huigeuza kuwa rangi. Candida 50,000 kwa kishimo katika RPMI, 37°C saa 3, mpaka nyuzi ziwe zimetanda chini, mimina ya juu polepole, ongeza neutrofili, saa 2 hadi 4. Kisha pasua neutrofili kwa maji yaliyokenekwa yenye pH 11, osha, weka XTT miligramu 0.5 kwa mililita pamoja na menadioni mikromola 1, gizani, soma nanomita 450. Neutrofili zisipopasuliwa kwanza, superoksidi yake huigeuza XTT kuwa rangi na kishimo kilichoua sana kinasomeka kama chenye uhai mwingi. Matokeo yanageuka juu chini kabisa.

Kwa wavu: SYTOX ya kijani kuona DNA ya nje, na DNase I katika kundi moja kuuvunja. Kama kuua kunashuka DNase ikiwepo, wavu ulikuwa na kazi. Seramu ya ndama haiingii hapa. Ina nyukliesi zinazokata DNA, na kuipasha 56°C hakuzimalizi. Badala yake ni albumini asilimia 0.5.

Sehemu ya nguvu ya wavu si sumu bali njaa. Kalprotektini, ambayo kwa makadirio mengi ni karibu nusu ya protini za sitoplazimu ya neutrofili, hunyakua zinki na manganizi, na fangasi bila zinki haikui. Kontroli yake ni nyepesi: rudisha zinki kwenye kishimo. Fangasi ikiamka, ilikuwa imelala kwa njaa tu, haikuwa imekufa. XTT haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili, kwa hiyo kila jaribio la wavu lina vishimo vya zinki.

Glukani iliyofichwa. Hali: vipimo vya awali

Ukuta wa Candida una kitini na beta-glukani ndani, manani nje. Dectin-1 inaishika glukani, ambayo kwa Candida hai huonekana zaidi kwenye makovu ya machipukizi. Fangasi iliyouawa kwa 65°C saa moja ina manani iliyovurugika na glukani wazi, kwa hiyo huamsha kinga kuliko ilivyo hai. Majaribio mengi yanayotumia fangasi mfu yanapima kitu ambacho mwilini ni nadra kuonekana hivyo. Humu fangasi mfu ni kontroli ya juu, basi.

Kaspofungini, dawa ya fangasi, chini ya kiwango cha kuzuia ukuaji hufanya kitu kinachofanana kwa Candida hai: inavuruga ujenzi wa glukani na kuifichua. Inawezekana sehemu ya faida ya dawa hiyo mwilini ni hii. Vipimo vinafanywa kwa Dectin-1 iliyounganishwa na Fc. Inashika glukani bila kalsiamu, kwa hiyo kupaka rangi hufanyika palipo na EDTA ili vipokezi vingine vinavyohitaji madini visichangie.

Saitokini na seli T. Hali: inaendelea

Utando mweupe wa mdomoni, ule wa wenye VVU, haufafanuliwi na neutrofili peke yake. Kwenye utando laini kazi kubwa ni ya saitokini (protini za kutumiana ujumbe) IL-17 na IL-22, zinazoziambia seli za juu zitoe peptidi za kuua vijidudu na ziite neutrofili. Ushahidi wake kwa binadamu ni wa kijenetiki: mwaka 2011 zilielezwa familia zenye kasoro ya kipokezi cha IL-17RA na ya IL-17F, na mwaka huohuo kasoro za jeni la STAT1 zinazopunguza seli za Th17 (seli T zinazotoa IL-17), wote hawa husumbuliwa na Candida ya mdomo, ngozi na kucha isiyoisha. Wagonjwa wenye kasoro ya jeni la AIRE hutengeneza kingamwili dhidi ya IL-17 na IL-22 zao wenyewe. Na wanaotumia dawa za kuzuia IL-17 kwa ajili ya soriasisi huona maambukizi ya Candida ya utando laini yakiongezeka.

Mstari mweupe wa Ficoll ndio unaotumika: seli 500,000 kwa kishimo, Candida iliyouawa milioni 1 kwa mililita, na katika baadhi ya vishimo polimiksini B (inayozima endotoksini) mikrogramu 10 kwa mililita ili kuona kama endotoksini inachangia. Saa 24 kwa TNF, IL-6 na IL-1β. Siku 7 pamoja na seramu ya asilimia 10 kwa IL-17 na IL-22. Katika siku 7 vishimo vya pembeni hukauka na kukoleza kila kitu kilichomo. Vinajazwa maji matupu na havisomwi.

Kinachosubiri

Cryptococcus neoformans imeahirishwa. Ganda lake la glukuronoksilomanani huzuia kumezwa mpaka lishikwe na kingamwili au komplimenti, na unene wake hubadilika kwa chakula na kaboni dioksidi, kwa hiyo unahitaji kupimwa kwa wino wa India kabla ya kila jaribio. Itifaki ya kuhesabu ganda haijaandikwa. Kabla ya hapo: kontroli ya DPI, kisha kurudia sahani za Aspergillus iliyovimba na seramu ambayo haijawahi kugandishwa.